Weusi Uliozidi Sahani

Asubuhi ya Alhamisi Inspekta Harieth alikuwa na jalada lililokamilika mezani, na kukamilika kwake ndiko kulikomnyima raha. Kesho yake saa tatu Mayige, mkulima wa kijiji cha Kimali, angefikishwa mahakamani kujibu shtaka la kumuua Constantine, mwenye mashine ya kusaga. Shtaka la mauaji halina dhamana. Mtu akishaingia mahabusu kwa kosa hilo, hata mikono yake iwe safi namna gani, anaweza kukaa ndani misimu mitatu ya pamba huku shamba likiota magugu na watoto wakisahau sauti yake. Harieth alikuwa amewapeleka wengi huko kwa kalamu yake mwenyewe, na wengi wao walistahili. Kuhusu huyu hakuwa na hakika.

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumatatu ya wiki iliyopita, jua ndiyo kwanza linachomoza, Constantine alipigwa gobore kwenye njia ya kwenda lambo la kunyweshea ng'ombe, akafa palepale. Gobore halikupatikana. Mayige alikuwa amegombana naye hadharani mwezi mmoja nyuma, kwa sababu ya ng'ombe walioingia kwenye mtama, na yalisemwa maneno ambayo watu huyakumbuka vizuri baada ya msiba. Lakini ugomvi si ushahidi. Ushahidi wote ulisimama kwa mguu mmoja, na mguu huo ulikuwa Mabula, askari wa wanyamapori wa kijiji, aliyekuwa akirudi kutoka doria. Alisikia mlio, akageuka, akamwona Mayige akitoka vichakani, gobore begani, umbali wa hatua mia moja na hamsini. Method, shemeji wa marehemu, ndiye aliyempakia kwenye pikipiki siku ileile akamfikisha kwa polisi ili aeleze alichokiona. Alikuwa mtu mwema, Method. Hata askari waliokwenda kupima eneo la tukio aliwaletea maji ya kunywa.

Maelezo ya Mabula aliyaandika Harieth mwenyewe. Alikuwa ameyasoma mara nyingi kiasi kwamba macho yalikuwa yanateleza juu ya mstari wenyewe: *Nilimwona Mayige.* Nyuma ya maelezo hayo kulikuwa na karatasi ya manila iliyokunjwa mara nne. Mabula aliitoa mfukoni bila kuombwa, kwa heshima ile mtu anayotolea cheti cha ubatizo. Ilikuwa shabaha yake ya mtihani wa wiki sita zilizopita: duara jeusi katikati ya karatasi nyeupe, na ndani ya weusi huo matundu matano. Yalipigwa mita mia moja, kwa bunduki isiyo na darubini. Bosi wake Harieth aliinyoosha mezani, akaitazama, akasema mtu wa kutoboa weusi mara tano kwa macho matupu hawezi kukosea uso wa jirani yake. Mjadala ukaishia hapo.

Koplo Josia aliingia bila kubisha, kama kawaida yake. Alikuwa mzaliwa wa Maswa, na kwa Harieth aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba alikuwa sikio na mdomo kila Kisukuma kilipozidi kina.

"Yule mama amekuja tena," alisema.

Milembe, mke wa Mayige, alikuwa amekuja mara ya tatu, na mara zote tatu hakuongelea mume bali ng'ombe. Josia alieleza, huku akijikuna shingo, kwamba mama anataka maksai wake, yule mweupe mwenye baka jeusi begani. Aliazimwa kabla ya matatizo haya na aliyemwazima hajamrudisha. Kwa desturi yao ng'ombe wa kuazimwa hurudi kwa neno la yule aliyemtoa, na aliyemtoa amefungiwa ndani. Kwa hiyo mama anaomba mumewe aruhusiwe kutuma neno.

Harieth alikasirika kuliko ilivyostahili. Mume anakwenda kupotea kesho, mke analia na ng'ombe. Akamwambia Josia amwelekeze kwa mtendaji wa kijiji, hayo si ya polisi. Josia alitoka, maneno mawili matatu ya Kisukuma yakasikika kaunta, na Milembe akaenda kuketi kwenye benchi la nje. Hakuondoka.

Harieth aliichukua karatasi ya Mabula akaisogeza dirishani kwenye mwanga. Ukingo wa duara haukuwa wa mtambo. Mkono wa mtu ulikuwa umezungusha penseli kufuata kitu fulani, kisha ukajaza rangi kwa brashi. Josia aliporudi, alimwuliza nani huchora shabaha hizi.

"Mzee Ansbert, mkufunzi. Yuko uwanjani leo. Maaskari wa vijiji wanarudia mtihani, hata Mabula yupo."

"Washa gari," alisema Harieth.

Njiani alimtajia Josia wasiwasi wake wa kwanza, kwamba pengine Mabula anamsingizia Mayige. Alikuwa amesikia kwamba mmoja ni Mgika na mwingine ni Mgalu, vikundi viwili vya ngoma ambavyo kila baada ya mavuno hushindana mpaka watu wakapoteza sauti. Josia alicheka mpaka usukani ukayumba. Akamwambia kwamba kama ngoma ingekuwa sababu ya kufungana, Simiyu nzima ingekuwa jela na ng'ombe wangejichunga wenyewe. Wale wawili walikuwa wakitukanana kwenye ngoma na kusaidiana kwenye misiba, na Mabula alilia siku alipotoa maelezo. Harieth alikumbuka kwamba ni kweli alilia, akaufuta wasiwasi huo. Mtu aliyelia hivyo hakuwa anadanganya, na jambo hilo lilizidi kumchanganya.

Uwanja wa shabaha ulikuwa nje ya mji, chini ya kilima cha mawe, na tuta la udongo mwishoni. Askari wa vijiji kama kumi walikaa kivulini wakisubiri. Mzee Ansbert alikuwa kwenye kibanda cha mabati, amepiga magoti mbele ya karatasi zilizotandazwa juu ya turubai, kila kona amewekea jiwe. Alikuwa sajini mstaafu wa jeshi, mtu wa Kagera kama Harieth, lakini alioa huku, Nyashimo, miaka thelathini iliyopita na Kihaya chake kilikuwa kimeshaota kutu. Harieth alimwamkia, akaitikiwa marahaba na kuitwa mwanangu, wakaulizana ndugu kadhaa wa kule kwao, wengine wakiwa wameshakufa. Karatasi ya Mabula ilibaki kwenye jalada, chini ya kwapa.

Alisema amekuja kujifunza. Yeye alifundishwa bastola, bunduki ndefu hajui. Mtu akitaka kupiga bila darubini, anachaguaje karatasi?

Hakuna kinachomfurahisha fundi kama kuulizwa habari za ufundi wake. Mzee Ansbert alijifuta mikono, akaanza na zile anazozikataa. Aliinua karatasi ya kiwandani, yenye vimraba vya rangi na mistari myembamba kama uzi. Hii ni ya watu wa darubini, alisema. Ukiitazama kwa macho matupu kutoka mita mia, mistari yote inakufa na unabaki unapiga karatasi tupu. Akainua nyingine yenye umbo la mtu, rangi ya udongo. Hiyo ilikuwa na mabega na kichwa lakini haikuwa na katikati, na mbele ya tuta la udongo ilijificha kama kware. Ya tatu ilikuwa nzuri ila inang'aa. Jua la Bariadi likiigonga, mpigaji anaona kioo.

"Sasa shika hii," alisema, akampa bunduki ambayo kwanza aliifungua akaikagua mara mbili kwamba haina kitu. "Tazama. Nyuma karibu na jicho kuna pengo. Mbele mdomoni kuna kijiti cha chuma. Kule mbali kuna shabaha. Vitu vitatu, na jicho ni moja. Jicho ni kama mtu aliyealikwa harusi tatu siku moja, haliwezi kuhudhuria zote. Unaliambia lihudhurie ya kijiti. Kijiti kionekane wazi kabisa, shabaha iache iwe na ukungu kidogo."

"Na ukungu ukizidi?"

"Hapo ndipo kuchagua kunapoanza, mwanangu."

Weusi ukiwa mdogo, alieleza, ukungu unaumeza. Ukiwa mkubwa mno, kijiti kinapotea ndani yake na mpigaji hajui katikati ni wapi, matundu yanatawanyika. Weusi mzuri ni ule ambao ukionekana kutoka pale mpigaji alipolala unalingana upana na kijiti. Unaukalisha juu yake, uguse tu, kama ndoo kichwani mwa mama anayetoka kisimani. Ndiyo maana alichora mwenyewe. Alitumia manila nyeupe ile ya walimu, na rangi ya ubao, kwa sababu rangi ya ubao haing'ai. Kwa kipimo alitumia sahani. Aliitoa kwenye mfuko wa turubai: sahani ya bati ya bluu, imebanduka rangi ukingoni.

"Sahani hiyohiyo kwa kila mtu?" aliuliza Harieth.

Mzee alijibu kwa fahari kwamba miaka yote ni hiyo moja. Aliyefaulu kwake, awe wa Maswa au wa Meatu, alifaulu kwa sahani moja. Mtihani ni mtihani kwa sababu kipimo hakibadiliki.

Harieth alifungua jalada. Akaikunjua karatasi ya Mabula juu ya turubai, akaomba sahani, akaiweka juu ya duara.

Sahani haikulifunika. Weusi ulibaki umeizunguka pande zote, upana wa vidole vitatu. Josia, aliyekuwa mlangoni akitafuna kijiti cha meno, aliacha kutafuna. Mzee Ansbert aliketi juu ya turubai kama mtu aliyechoka ghafla.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Hapa liliharibikia mikononi mwa mzee, na kwa sababu ya huruma tu. Alisimulia bila kuzungushazungusha. Mabula alikuwa amefanya kazi naye miaka kumi na moja, na mzee hakuwahi kupata mpigaji mtulivu kama yeye. Mwaka jana alianza kulalamika kwamba rangi ya shabaha imefifia. Mzee akapaka tena. Mabula akasema bado imefifia. Hapo mzee akamtazama machoni, akaona jicho la kulia limeingia wingu, na la kushoto nalo linalifuata. Mtoto wa jicho. Akamwambia aende hospitali. Mabula akaahidi kwenda baada ya mavuno, na mavuno yakapita, kwa sababu mwenye macho mabovu haachiwi bunduki, na bunduki ndiyo iliyompa jina kijijini.

"Nikachukua mfuniko wa ndoo," alisema mzee. "Ndoo ya lita ishirini. Nikasema ni mara hii moja tu. Sikudhani karatasi ile itakuja kusimama mahakamani."

Harieth hakuwa na haki ya kumkaripia. Yeye na bosi wake waliitazama karatasi hiyohiyo wakahesabu matundu, wala hawakupima weusi. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii kifo kilikuwa cha mtu mwingine, na aliyekuwa anakwenda kulipa alikuwa wa tatu kabisa.

Bado lakini hakuwa amethibitisha kitu. Duara kubwa lilionyesha huruma ya mzee, halikuonyesha Mabula anaona nini. Alimwomba Josia abandike shabaha mbili kwenye tuta, mita mia moja: moja ya sahani, moja ya mfuniko. Kisha akamwita Mabula pembeni, karibu na kibanda, mbali na wenzake, maana hakuona sababu ya kumvua mtu nguo mbele ya watu.

Mabula alikuja amenyooka, bunduki begani, kofia imebanwa sawasawa. Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Alisalimia mwangaluka, Harieth akaitikia mhola kwa lafudhi yake ya Bukoba iliyowachekesha watu siku zote. Siku hiyo Mabula hakucheka. Aliziona shabaha za mzee juu ya turubai na sahani juu ya karatasi yake, na usoni alionekana ameelewa.

"Mzee Mabula," alisema Harieth, "pale kwenye tuta, unaona shabaha nyeusi ngapi?"

Alitazama. Alisogeza kofia, akatazama tena. Harieth alitamani mtu huyu ajibu sawa, ingawa jibu sawa lingemfunga Mayige.

"Moja," alisema Mabula.

Josia, ambaye aliziona zote mbili bila taabu, aligeuza uso akatazama kilima. Mzee Ansbert alisema taratibu, "Ni mbili, Mabula." Mabula aliitikia kwa kichwa. Hakubisha, wala hakuuliza ya pili iko upande gani.

Harieth akaendelea. "Jumatatu ile ulimwona nani?"

"Nilimwona Mayige."

"Uliuona uso wake?"

Mabula alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kama aliuona moyo wake.

"Afande, hukuniuliza nilimjuaje. Uliniuliza nilimwona nani. Kwetu mtu akiwa mbali hatumtazami uso, tunatazama anachoswaga. Mbele yake alikuwa maksai mweupe mwenye baka jeusi begani. Kimali nzima maksai huyo yuko mmoja, na ni wa Mayige. Sasa nyuma yake angekuwa nani mwingine?"

"Na gobore?"

"Kitu kirefu begani. Mlio nilikuwa nimeshausikia."

Fimbo ya kuswagia nayo ni ndefu, na mtu huibeba begani vilevile. Lakini Harieth hakuwa tena kwenye gobore. Alikuwa amerudi kwenye kalamu yake na neno moja alilolipokea bila kulikagua. Kwa Harieth kumwona mtu ni kuona sura. Kwa Mabula, ng'ombe akishatambulika, mwenye ng'ombe ameonekana. Wote wawili walisema kweli kwa Kiswahili safi, na katikati ya kweli mbili hizo mtu alikuwa anakwenda kupotea. Aliona haya, haya ya kuunguza masikio, na alishukuru kwamba jua lilikuwa kali kiasi cha kusingiziwa.

Mabula aliishusha bunduki yake begani. Aliifungua, akaonyesha kwamba haina kitu, akamkabidhi Mzee Ansbert kwa mikono miwili. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Hakuna aliyemwamuru Mabula.

"Nitasema hivyohivyo mahakamani?" aliuliza Mabula.

"Hivyohivyo. Na ng'ombe usimsahau."

Kurudi mjini Josia aliendesha mikono miwili kwenye usukani, jambo lisilo la kawaida kwake. Harieth alikuwa anapanga mambo kwa mpangilio: maelezo mapya ya Mabula leo hii, barua kwa bosi, kuomba shauri lisifunguliwe kesho. Maksai alikuwepo kwenye njia ya lambo asubuhi ya mauaji. Maksai huyo aliazimwa kabla ya mauaji na mpaka leo hajarudishwa. Basi aliyekuwa akimswaga asubuhi ile hakuwa mwenye ng'ombe. Alikuwa aliyemwazima, na kama alikuwa na roho mbaya kiasi hicho, alijua fika kwamba kila jicho la Kimali likimwona maksai litasema Mayige.

Milembe alikuwa bado kwenye benchi, kijifurushi cha chakula cha mumewe mapajani. Harieth hakumwita ofisini. Aliketi kando yake, akamwamkia, akaulizia watoto na mvua kama inavyopaswa, kisha akamwambia Josia aulize, taratibu, jina la mtu aliyemwazima maksai.

Josia hakuuliza. Alisimama na kofia mkononi.

"Muulize," alisema Harieth.

Akamuuliza, sauti ikiwa chini, akimwita mayu, yaani mama. Milembe alimtazama koplo, wala si kwa hasira. Jibu lake lilikuwa refu kidogo, lakini katikati yake kulikuwa na neno moja ambalo Harieth hakuhitaji kutafsiriwa. Lilikuwa jina la Method.

Method wa pikipiki. Method wa maji ya kunywa, aliyemleta shahidi mwenyewe na kumsubiri nje mpaka atie sahihi.

"Na mengine aliyosema?" aliuliza Harieth.

Josia aliizungusha kofia mkononi. "Anasema jina hilo amelitaja hapa kaunta mara zote tatu. Niliona ni habari za ng'ombe, afande. Sikulileta."

Milembe alikuwa akiwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, akisubiri kujua kama safari hii limefika. Harieth alimshika mkono.

"Na mimi sikuuliza," alisema. "Mwambie limefika. Halafu mfungulie aingie amwone mumewe, twende Kimali kumfuata maksai."